USIJITUPE USIPOTUMWA

Fundisho kwa vijana na wazazi
Masomo: Luka 4:9-13 na 4:28-30, 2 Samweli 23:13-17



Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo vijana wetu wanaliona kila siku katika simu zao, na ambalo wazee wengi wanalitikisia tu kichwa: michezo ya kuchezea kifo. Kuna watu wanaovaa vazi lenye mabawa ya kitambaa na kujitupa kutoka genge la mlima. Kuna wanaopanda majabali bila kamba. Kuna wanaoteremka maporomoko ya maji katika mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, unaoitwa kayaki. Vijana wanauliza: Je, hao si mashujaa? Wazee wanauliza: Je, hao si wenda wazimu? Maswali yote mawili yanataka jibu kutoka Neno la Mungu, sababu jambo hili halikukaa Ulaya na Marekani tu. Lilifika mpaka katika mito yetu ya Kongo, na sasa linapanda piki-piki katika barabara zetu.

1. WATU HAO WANATAFUTA NINI?

Wengi wenu wa upande wa Kalemie mnaujua mto Lukuga, ule unaotoka ziwa Tanganyika na kushuka mpaka Lualaba. Tarehe 7 Desemba 2010, watu watatu walikuwa wakiteremka mto ule kwa kayaki. Wawili walikuwa Wamarekani, na kiongozi wao alikuwa Hendri Coetzee, mtu wa Afrika Kusini mwenye miaka 35 aliyeishi Jinja, Uganda. Coetzee hakuwa mtoto katika kazi ile. Mwaka 2004 aliongoza kundi lililoteremka Nile Nyeupe kutoka ziwa Victoria mpaka bahari ya Mediteranea. Aliyajua maji, aliijua Afrika, aliwajua mamba. Siku ile, katika Lukuga, mamba alimjia kutoka nyuma akamvuta chini pamoja na mtumbwi wake. Wenzake walikuwa karibu naye kabisa, wakaona kwa macho yao, na hawakuweza kufanya lolote. Mwili wake haukupatikana.

Wapendwa, tusikimbilie kusema: "Alitafuta mwenyewe." Kwanza tuulize, alitafuta nini?

Mungu aliweka ndani ya mwili wa mtu msaada kwa siku ya hatari. Juu ya kila figo kuna kitu kidogo kinachomwaga dawa ya mwili iitwayo adrenalini. Mtu anapoona nyoka njiani, dawa ile inaingia katika damu, moyo unapiga mbio, macho yanafunguka, miguu inapata nguvu. Ni zawadi ya Mungu ili tukimbie au tupigane. Hatari ikipita, mtu anasikia utulivu mkubwa na furaha, kama amezaliwa mara ya pili. Majani yanakuwa ya kijani zaidi, na mkate unakuwa mtamu zaidi. Deni, ugomvi wa nyumba, aibu ya jana, vyote vimenyamaza, kwa sababu mbele ya maji makali mtu hawezi kufikiri kitu kingine isipokuwa maji.

Hapo ndipo utamu wa michezo ile. Si uongo, ni utamu wa kweli. Mtu aliyechoka na maisha yasiyo na maana anasikia kwa dakika mbili kwamba yuko hai. Lakini mwili unazoea. Poromoko lililomtetemesha mwaka jana, mwaka huu ni mchezo wa watoto. Basi anatafuta lililo kubwa zaidi, kisha lililo kubwa kupita lile. Ninyi mnaojua namna pombe inavyomshika mtu, mnaelewa.

Tena kuna kitu kingine kinachosukuma, nacho ni aibu ya kuitwa mwoga. Sikieni habari ya zamani ya mto wetu. Mwaka 1877, msafara wa Stanley ulikuwa ukishuka maporomoko yaliyo chini ya mahali palipo leo Kinshasa. Pamoja naye alikuwa kijana Mwingereza, Frank Pocock, aliyekuwa na vidonda miguuni, asiweze kutembea vizuri. Nahodha wa mashua alikuwa Uledi, mtu wa Zanzibar, aliyejua kusoma maji. Tarehe 3 Juni, Uledi alikwenda kuangalia poromoko la Massassa, akarudi akasema kwamba hapapitiki, watakaojaribu watakufa. Stanley mwenyewe ameandika kwamba Pocock aliwacheka, akawaambia kuwa wanaogopa. Watu wale hawakuvumilia kuchekwa, wakaingia mtumbwini. Mtumbwi ulimezwa na maji yanayozunguka. Uledi aliokoka, na Pocock, ambaye alijua sana kuogelea, alikufa maji.

Angalieni vizuri: Uledi hakuwa mwoga. Alikuwa na hekima. Hofu ilimwambia ukweli, naye alikuwa ameusema kwa kinywa chake. Kilichoshinda hekima yake kilikuwa kicheko. Ni vijana wangapi wa parokia zetu wanaopoteza miguu, na hata roho, kwa sababu ya kicheko cha rafiki?

2. MAGENGE MAWILI KATIKA SURA MOJA

Sasa tufungue Luka, sura ya nne. Wengi wanakumbuka genge la kwanza tu. Shetani anamchukua Bwana Yesu mpaka juu ya mnara wa hekalu na kumwambia aruke, kwa kuwa malaika watampokea. Bwana anakataa, akijibu kwamba imeandikwa mtu asimjaribu Mungu wake.

Lakini endeleeni kusoma. Katika sura ileile, mstari wa 29, kuna genge la pili. Watu wa Nazareti wamekasirika. Wanamtoa nje ya mji, wanampeleka ukingoni mwa kilima ili wamtupe chini. Bwana anafanya nini? Anapita katikati yao, anakwenda zake. Hakuruka mwenyewe, na hakukubali kutupwa. Kwa nini? Je, aliogopa kufa? Hapana! Yeye huyohuyo, usiku wa Getsemane, hakukimbia tena. Walipokuja na mienge na silaha alijionyesha mwenyewe, akasema kwamba ndiye wanayemtafuta.

Kuna tofauti gani kati ya mnara, kilima cha Nazareti na Getsemane? Tofauti ni KUTUMWA. Kwenye mnara, aliyemwambia aende alikuwa shetani. Nazareti, saa yake ilikuwa haijafika. Getsemane, Baba alikuwa amemtuma, na wewe na mimi tulikuwa tunangoja wokovu. Uhai wa Yesu ulikuwa sadaka. Sadaka haichezewi kabla ya siku ya kupelekwa mazabahuni.

Sisi waafrika tulionyeshwa jambo hili pia katika mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu. Mwezi wa sita mwaka 1921, askari wa wabelgiji walipofika Nkamba kumkamata, hakubaki ili kuonyesha kifua, aliponyoka. Wengine wangesema: "Nabii gani anayekimbia?" Lakini mwezi wa tisa mwaka uleule alirudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe, akajitoa mikononi mwao. Alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa miaka 30 gerezani mpaka alipofariki Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1951. Hakuna mtu anayeweza kumwita mwoga! Alijua siku ya kuponyoka na siku ya kujitoa.

Ndiyo maana hatusemi kwamba kila hatari ni dhambi. Mvuvi wa Tanganyika anayetoka usiku wakati upepo unavuma, anatafuta chakula cha watoto. Mchimbaji anayeingia shimoni kutafuta zahabu au koltani, njaa imemsukuma, na tunamwombea apate kazi salama zaidi. Wauguzi wa Beni na Butembo, wakati wa Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, walivaa mavazi yale ya plastiki na kuingia kila asubuhi mahali penye kifo, na baadhi yao walikufa. Hao walikuwa na mtu mbele yao waliyekwenda kumsaidia. Uliza swali hili moja, ndugu yangu, kila unapotaka kujiweka katika hatari: NANI AMENITUMA, NA NANI ATAPATA UZIMA KWA NINAYOYAFANYA? Ukikosa jibu, shuka kutoka mnarani.

3. KUPONA SI USHUHUDA WA KUTUMWA

Wengine watajibu: "Lakini wengi wanafanya na wanapona. Mungu amewalinda." Tuangalie.

Mahali pa Inga, katika Kongo ya Chini, mto wetu unateremka mita karibu 96 katika mwendo mfupi, nao ni mto wenye maji mengi kuliko yote duniani isipokuwa Amazon. Mwezi wa nane mwaka 1985 Mfaransa mmoja mashuhuri wa televisheni, Philippe de Dieuleveult, alifika huko pamoja na wenzake kwa mashua za mpira. Watu saba walitoweka. Mpaka leo wako wanaobishana kama ni maji tu yaliyowaua, lakini hakuna anayebisha kwamba hawakurudi. Mwaka 2011, kundi la watu wanne likiongozwa na Steve Fisher wa Afrika Kusini liliteremka Inga kwa kayaki, na wote wanne walitoka wazima. Je, mto ulikuwa umetubu? Hapana. Mto ni uleule. Walikuwa hodari, walijitayarisha sana, na mto uliwaachilia.

Mwingine alikuwa Felix Baumgartner, mtu wa Austria. Mwaka 1999 aliruka kwa parashuti kutoka mkono wa ile sanamu kubwa ya Kristo huko Rio de Janeiro. Tarehe 14 Oktoba 2012 alijitupa kutoka kimo cha kilomita karibu 39, akashuka kwa mbio kupita sauti, na dunia nzima ikatazama. Alitua kwa miguu yake. Wengi walisema: huyu hawezi kufa! Tarehe 17 Julai 2025 alianguka huko Italia akiruka na parashuti ya kupaa, siku isiyo na sherehe, akafa. Kimo cha kilomita 39 hakikumwua. Kimo kidogo kilimwua.

Kumbukeni tena Coetzee. Nile yote ilimwachilia, Lukuga haikumwachilia. Kwa hiyo yule anayepona asiseme: "Kupona kwangu kunaonyesha Mungu amekubali." Mungu ni mwenye rehema, anawanyeshea mvua hata wasio haki. Rehema yake si ruhusa.

4. SHETANI ANAJUA ZABURI

Neno hili sasa linaingia ndani ya kanisa, tafadhali msinikasirikie. Pale juu ya mnara, shetani hakumjia Bwana na maneno ya matusi. Alimjia na Zaburi ya 91! Ile ileile tunayoisoma usiku tukisikia risasi. Aliikata katikati, akaifanya ngazi ya kurukia.

Kuna ndugu wanaofunga siku nyingi bila chakula wala maji, wala hakuna mchungaji aliyewaongoza, ili waonekane wana nguvu za roho kuliko wengine. Kuna wagonjwa wa sukari au wa kifua kikuu wanaotupa dawa za hospitali, wakisema kwamba aliyeombewa akitumia kidonge hana imani. Kuna wanaovuka mto uliofurika huku wakiimba, wakati wazee wa kijiji wamewaambia wangoje. Hao nao wamesimama juu ya mnara. Hawana mabawa ya kitambaa, lakini wanajitupa, na wanataka malaika wakimbie.

Imani haimlazimishi Mungu. Imani inamtii Mungu. Kanisa linaombea wagonjwa, na litaendelea kuwaombea, kwa kuwa Mungu wetu anaponya. Lakini hakuna mtumishi wa kanisa aliyepewa kazi ya kumkataza mgonjwa dawa. Mtu akikuambia hivyo kwa jina la Roho, kumbuka ni nani aliyekuwa wa kwanza kutumia Maandiko kumwambia mtu ajiangamize.

5. MAJI AMBAYO DAUDI ALIKATAA KUNYWA

Tumesema na wanaoruka. Sasa tuseme na wanaotazama, na hao ni wengi zaidi.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, Daudi anakaa ngomeni, jeshi la Wafilisti liko Betlehemu. Joto ni kali. Anatamani kwa sauti maji ya kisima cha Betlehemu, kilicho karibu na mlango wa mji. Hakutoa amri, alitamani tu. Lakini mashujaa wake watatu walisikia, wakapenya katikati ya adui, wakachota, wakamletea. Ni tendo la ushujaa kabisa! Daudi alifanya nini? Hakunywa hata tone. Aliyamwaga chini mbele ya Bwana, kwa sababu machoni pake yale hayakuwa maji tena. Ilikuwa damu ya watu waliojihatarisha kwa ajili ya hamu yake.

Wapendwa, tamaa ya wanaotazama ina nguvu ya kutuma watu kifoni bila amri yoyote. Wale wa mbali wanaoruka, wengi wao wanalipwa na wenye biashara, kwa kuwa mamilioni wanataka kuona. Na hapa kwetu? Jumapili jioni vijana wawili wanashindana kwa piki-piki kwenye barabara mpya. Mmoja anasimama juu ya kiti, mwingine anaachilia usukani. Barabarani wamejaa wenzao wenye simu, wanapiga kelele, wanapiga picha. Wale wanaopiga kelele hawajapanda piki-piki, lakini ndio waliotamani maji. Siku mama wa kijana atakapoitwa hospitalini, simu zile zitakuwa na picha nzuri sana. Nani atazimwaga chini mbele ya Bwana?

Wewe kijana wa kanisa, ukiona wenzako wanafanya mchezo ule, usiwape macho yako. Ondoka. Hakuna anayesimama juu ya kiti cha piki-piki mahali pasipo na mtu wa kumtazama.

6. MAAGIZO

Kwa hiyo tunashauri hivi.

Kwanza, tusiwahukumu waliokufa. Bwana mwenyewe alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Aliwaambia waliosikia watubu wao wenyewe. Mama aliyezika mtoto wake kwa sababu ya mbio za piki-piki asisikie neno la kumchoma kutoka kwetu. Akute maji, chakula, na watu wa kulala naye kilioni.

Pili, wazazi, msikemee tu. Kijana anayetafuta hatari mara nyingi hana kitu kikubwa cha kufanya. Mungu aliweka ndani yake moto. Msiumwagie maji, mpeni jiko la kuuweka. Parokia zina madaraja ya kutengeneza, wazee wa kubebwa mpaka hospitali, mashamba ya wajane ya kulima. Fanfari yetu inatafuta wapiga tarumbeta, na timu ya mpira inatafuta wachezaji. Mchezo wenyewe ni mwema. Kukimbia, kuogelea, kupanda mlima pamoja na mtu anayejua njia, yote ni furaha kutoka kwa Mungu.

Tatu, ninyi wamotari, kazi yenu ni ya heshima, mnabeba watu wa Mungu. Vaeni kaske. Abiria wawili na mzigo juu ya piki-piki moja si ujasiri. Mtume Paulo anatufundisha katika 1 Wakorinto 6 kwamba mwili ni hekalu na kwamba tulinunuliwa kwa bei. Mtu hachezi kamari na kitu ambacho mwingine amekilipa.

Nne, msione aibu kuogopa. Wavuvi wa Lukuga wanamwogopa mamba kila siku, na ndiyo sababu wanazeeka. Siku rafiki atakapokucheka na kusema "unaogopa," mjibu bila hasira: "Ndiyo, ninaogopa. Sikutumwa."

Na siku utakapotumwa kweli, siku jirani atakapozama, siku nyumba ya mwingine itakapowaka moto, siku utakapoamriwa kumkana Bwana, basi usihesabu roho yako. Kwa siku ile ndiyo unaitunza leo.

TUOMBE

Mungu Baba, Wewe uliyetupa pumzi, utufundishe kuilinda na kuitoa kwa wakati wako. Uwakumbuke wote waliokufa katika mito na milima wakitafuta furaha ambayo ingepatikana kwako. Uwafariji mama zao. Uwashike vijana wetu barabarani, majini na mashimoni. Uziponye nyumba zinazolia. Utupe ujasiri wa kukataa kuruka, na ujasiri wa kwenda utakapotutuma. Kwa jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.